Wandsworth haikuanguka usiku mmoja

Alfajiri ya Ijumaa, 6 Mei 2022, Chama cha Labour kiliitwaa halmashauri ya Wandsworth, kusini-magharibi mwa London, iliyokuwa mikononi mwa Conservative tangu 1978. Labour walipata madiwani 35, Conservative 22, na mmoja akapita bila chama. Kabla hata mji haujaamka vizuri, wachambuzi wa televisheni walikwishapitisha hukumu: aliyeiponza Wandsworth ni Boris Johnson. Mwezi Aprili polisi walikuwa wamemtoza faini kwa kuhudhuria mkusanyiko ofisini kwake Juni 2020, wakati wananchi wamezuiwa kukutana kwa sababu ya korona. Basi wapiga kura, tukaambiwa, wamewaadhibu madiwani kwa kosa la Waziri Mkuu.

Hukumu hiyo naipinga. Faini ile ilikuwa na uzito, na wapo Wahafidhina waliobaki nyumbani siku ya kura kwa kuona haya. Lakini matokeo ya halmashauri yakisomwa kama kura ya maoni juu ya Waziri Mkuu, mkazi wa Wandsworth anaporwa kura yake. Aliipiga akifikiria pango la nyumba, shule ya mtoto, mama yake anayehitaji mtu wa kumhudumia, na bili ya kodi inayoingia mlangoni kila Machi. Sisi tunaisoma kana kwamba alikuwa anaandika barua kwenda Downing Street, ofisini kwa Waziri Mkuu.

Nianze na hesabu za viti, kwa sababu zenyewe zinatosha kuitia shaka hadithi ya usiku mmoja. Mwaka 2006 Conservative walikuwa na madiwani 51 Wandsworth. Mwaka 2010 wakawa 47. Mwaka 2014, 41. Mwaka 2018, 33. Mwaka 2022, 22. Labour nao walipanda kwa mwendo uleule: 9, 13, 19, 26, 35. Katika miaka hiyo halmashauri ilikuwa na viti 60 mpaka mipaka ya kata ilipochorwa upya na viti kuwa 58 kwa uchaguzi wa 2022, kwa hiyo ramani mpya haiwezi kubeba lawama ya mteremko ulioanza zamani hivyo. Na angalia nani alikuwa Waziri Mkuu kila mara Wandsworth ilipopiga kura: Tony Blair, Gordon Brown, David Cameron, Theresa May, Boris Johnson. Wawili wa Labour, watatu wa Conservative, wengine wakiwa juu kisiasa, wengine wakiwa chini. Mwaka 2010 wenyewe, siku ileile Conservative walipoishinda Labour katika uchaguzi wa bunge nchi nzima, Wandsworth waliwapunguzia viti vinne. Mawaziri wakuu watano na mwelekeo mmoja. Johnson aliikuta ngome imekwishapungukiwa na viti 18, akaongeza msukumo wa mwisho.

Kuelewa kwa nini ngome hii ilidumu muda wote huo, lazima kwanza tuelewe ilijengwa kwa kitu gani. London ina manispaa 32, kila moja na halmashauri yake, na zote hupiga kura siku moja kila baada ya miaka minne. Halmashauri hizi hazina polisi wala hospitali. Kazi zao ni shule, matunzo ya wazee na watoto walio hatarini, nyumba za umma, maktaba, takataka, maegesho ya magari, na vibali vya ujenzi. Wandsworth haina meya mwenye mamlaka. Meya wake huvaa mkufu wa dhahabu na kufungua sherehe, huku madaraka yakiwa kwa kiongozi anayechaguliwa na madiwani wenzake. Fedha hutoka serikali kuu, kwenye biashara, kwenye ada mbalimbali, na kwenye kodi ya halmashauri ambayo kila kaya hulipa.

Kodi hiyo ndiyo roho ya hadithi ya Wandsworth, na namna inavyokadiriwa inastaajabisha. Kila nyumba ya England imewekwa katika daraja, kuanzia A hadi H, kwa thamani ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Daraja hizo hazijawahi kukadiriwa upya. Ghorofa iliyomalizika kujengwa kando ya Mto Thames mwaka 2021 inabidi mkadiriaji akae akisie ingeuzwa kiasi gani miaka 30 kabla haijakuwapo. Na aliye daraja la juu kabisa hulipa mara tatu tu ya aliye daraja la chini kabisa, hata kama nyumba yake ina thamani mara ishirini. Halmashauri haina uwezo wa kubadili mpangilio huo. Inachoweza kuamua ni kiwango, tena ndani ya ukomo uliowekwa na serikali kuu. Wandsworth waliamua kiwango kiwe cha chini kuliko popote nchini, wakishindana na Westminster ng'ambo ya mto, na hilo wakalifanya dini yao.

Walianza baada tu ya kushinda 1978. Waliuza nyumba za umma kwa wapangaji kabla Waziri Mkuu Margaret Thatcher hajaipitisha sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji nchi nzima haki ya kununua. Uzoaji wa taka wakautoa kwa makampuni binafsi. Chini ya Christopher Chope, kisha Paul Beresford, kisha Edward Lister aliyeongoza tangu 1992 hadi 2011, halmashauri ikawa mahali ambapo Wahafidhina wa nchi nzima walikwenda kujifunza. Lakini haikuwa ngome tangu mwanzo, jambo ambalo wengi husahau. Mwaka 1986 Conservative walishinda Wandsworth kwa viti 31 dhidi ya 30. Diwani mmoja.

Kilichoigeuza kuwa ngome ni mwaka 1990. Thatcher alikuwa ameleta kodi ya kichwa, ambayo kila mtu mzima alipaswa kulipa, tajiri na maskini kiasi kimoja. Wastani wa England ulikuwa pauni 363 hivi kwa mtu. Tarehe 31 Machi waandamanaji na polisi walipambana Trafalgar Square. Mei ilipofika, kila mtu alitarajia Conservative wafagiliwe, na katika sehemu nyingi walifagiliwa kweli. Wandsworth walikuwa wamepanga kodi yao kuwa pauni 148. Wakapata viti 48, Labour 13. Mwenyekiti wa Conservative, Kenneth Baker, alizishika Wandsworth na Westminster mkononi na kuzionyesha kama ushahidi kwamba kodi ya kichwa inaweza kuuzika. Mwaka uliofuata Wandsworth wakatoza sifuri. Thatcher hakuwapo tena madarakani. Aliondoka Novemba 1990, na kodi yenyewe ikafutwa. Wapinzani walisema, na wana hoja, kwamba ruzuku ya serikali kuu iligawanywa kwa namna iliyoipendelea Wandsworth. Hata hivyo mpiga kura hakupokea fomula ya ruzuku kwa posta. Alipokea bili.

Hapo ndipo pazuri pa kuona kwamba mpiga kura wa Wandsworth alijua kutenganisha mambo muda mrefu kabla ya 2022. Manispaa hii ina majimbo makuu matatu ya bunge: Battersea, Tooting na Putney. Tooting imekuwa ya Labour kwa miongo. Sadiq Khan, aliyekulia katika nyumba za umma za Earlsfield, alikuwa diwani wa Wandsworth kuanzia 1994 hadi 2006, kisha mbunge wa Tooting kuanzia 2005 hadi alipokuwa Meya wa London 2016. Battersea ilirudi Labour 2017 kupitia Marsha de Cordova. Putney ikafuata Desemba 2019 kupitia Fleur Anderson, katika uchaguzi ambao Johnson aliwashinda Labour vibaya; Putney ndicho kiti pekee ambacho Labour walikinyakua nchi nzima usiku ule. Kwa hiyo kwa miaka miwili na nusu kabla ya Mei 2022, Wandsworth ilikuwa na wabunge watatu wa Labour na halmashauri ya Conservative. Watu walewale, kwenye mitaa ileile, walipeleka chama kimoja bungeni na kuacha kingine kizoe taka na kuandika bili. Mchambuzi anayedhani kura ya diwani ni kivuli cha kura ya mbunge aeleze hilo.

Kilichowabadilisha, kwa maoni yangu, ni nyumba. Na ukitaka kukiona kwa macho, teremka treni kituo cha Battersea Power Station, ambacho pamoja na cha Nine Elms kilifunguliwa Septemba 2021. Mitambo ya umeme pale ilizimwa 1983, na jengo lenye mabomba manne meupe likakaa gofu kwa miongo mitatu huku kila mwekezaji akija na michoro na kuondoka nayo. Wamiliki kutoka Malaysia walipolinunua 2012, kazi ikaanza kweli. Ubalozi wa Marekani ukahamia Nine Elms Januari 2018. Minara ya vioo ikaota pande zote. Halmashauri ndiyo iliyotoa vibali, ikijivunia kwamba mabilioni yanaingia bila kugusa mfuko wa mlipa kodi.

Lakini katika vibali hivyo kulikuwa na makubaliano kuhusu nyumba za bei nafuu, na hapa namba ndogo ina maana kubwa. Katika mradi wa mitambo ya umeme, nyumba za bei nafuu zilizoahidiwa zilikuwa 636. Mwaka 2017 waendelezaji walirudi halmashauri wakasema gharama zimepanda, faida imeshuka, na wanaomba wapunguziwe. Halmashauri ikakubali 386. Nyumba 250 zikafutika katika kikao. Kisheria haikuwa ajabu. Taratibu za mipango miji za England zinamruhusu mwendelezaji kufungua vitabu vyake na kujadili upya. Kisiasa lilikuwa jambo zito mno, kwa sababu familia iliyokuwa kwenye orodha ya kusubiri nyumba ilikuwa inaziona kreni zikizunguka kila asubuhi kutoka dirishani.

Wakati huohuo waliokuwa wakihamia Wandsworth hawakuwa tena wale walionunua nyumba zao za umma miaka ya 1980 na kuikumbuka Conservative kwa shukrani. Ni vijana wa miaka ya ishirini na thelathini, wahitimu wa vyuo, wanaofanya kazi katikati ya mji na kukodi vyumba Balham, Clapham Junction na Southfields. Karibu theluthi ya kaya za Wandsworth hukodi kwa wenye nyumba binafsi. Mpangaji wa aina hiyo hulipa kodi ya halmashauri mwenyewe, na kiwango cha chini kinamwokolea pauni mia kadhaa kwa mwaka. Pango lake ni zaidi ya pauni elfu moja kwa mwezi. Mwenye nyumba akiongeza pango mara moja tu, ukarimu wote wa halmashauri umekwisha. Silaha iliyoshinda 1990 ilikuwa bado mkononi mwa Conservative 2022. Walikuwa wamepunguza kodi kabla ya uchaguzi na kutangaza hivyo kila kona. Ila mtu aliyelengwa na silaha hiyo hakuwa tena mkazi wa kawaida wa Wandsworth.

Juu ya hayo kukaja Brexit. Mwaka 2016 asilimia 75 ya wapiga kura wa Wandsworth walitaka Uingereza ibaki Umoja wa Ulaya. Ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Wafaransa, Waitaliano, Wapoland na Wareno waliokuwa wakiishi pale hawakuruhusiwa kupiga kura ya maoni ile, lakini katika uchaguzi wa halmashauri waliruhusiwa, 2018 na 2022 pia. Kwao kura ya diwani ndiyo kura pekee waliyokuwa nayo. Hili la Ulaya ni la kitaifa, nakiri, ila halikuanza na sherehe za Johnson.

Ipo sababu nyingine ya kutosoma viti pekee, nayo imo katika namna kura zenyewe zinavyopigwa. Kata ya Wandsworth huwa na madiwani wawili au watatu, na mpiga kura hupewa kura sawa na idadi ya viti. Anaingia kwenye ukumbi wa kanisa au darasa la shule ya msingi, anapewa karatasi ndefu yenye majina yaliyopangwa kwa alfabeti ya ukoo, anachukua penseli iliyofungwa kwa uzi, anatia alama ya msalaba kwa wawili au watatu. Wenye kura nyingi zaidi ndio wanaopita. Hakuna mgawanyo wa uwiano wa aina yoyote. Chukulia kata yenye viti vitatu ambayo asilimia 42 wanapenda Labour, 38 Conservative, na wengine wametawanyika: kama kila mtu atafuata chama chake, Labour watachukua viti vyote vitatu, na ile asilimia 38 itabaki bila diwani hata mmoja.

Ukienda kwenye ukumbi wa kuhesabia, utaona mfumo huo ukifanya kazi mezani. Sanduku likifunguliwa, kwanza karatasi huhesabiwa tu, bila kuangalia aliyepigiwa, kuhakikisha idadi inalingana na aliyoiandika msimamizi wa kituo. Kisha makarani hutenga. Karatasi ambayo kura zote tatu zimekwenda chama kimoja huingia kwenye rundo la chama hicho, na marundo hayo huhesabika haraka. Zile zilizochanganywa, mmoja wa Labour, mmoja wa Kijani, mmoja wa Conservative aliyemsaidia mpiga kura kupata kibali cha maegesho, husomwa moja moja: karani mmoja anataja, mwingine anachora vistari kwenye jedwali refu. Mawakala wa vyama wamesimama upande wa pili wa meza, wanainama, wanahesabu nao kwa macho, hawaruhusiwi kugusa. Wakala mzoefu haangalii marundo makubwa. Anaangalia jedwali la mchanganyiko, maana pale ndipo diwani wa tatu hupatikana au hupotea, mara nyingine kwa kura chache sana. Na pale ndipo utaona udhaifu mmoja ambao watafiti wa chaguzi wameuthibitisha mara nyingi: katika chama kimoja, mgombea ambaye ukoo wake unaanza na A au B huwapita wenzake wa mwisho wa alfabeti, kwa kuwa wapo wanaoanza juu na kuchoka kabla ya kufika chini.

Kata ya West Hill inaonyesha nguvu ya kura iliyochanganywa. Malcolm Grimston alikuwa diwani wa Conservative, akajitoa katika kundi la chama, akasimama peke yake 2018 na kupita, akasimama tena 2022 na kupita. Ndiye yule mmoja asiye na chama. Watu wa kata yake walimtilia msalaba yeye, kisha wakagawa kura zilizobaki kwa vyama walivyotaka.

Mfumo huu unakuza ushindi na kufuta walioshindwa. Katika uchaguzi huohuo wa Mei 2022, Lewisham iliwapa Labour viti vyote 54, na Barking and Dagenham viti vyote 51. Huko hakuchaguliwa diwani hata mmoja wa upinzani wa kumuuliza kiongozi swali gumu kikaoni. Huko Richmond, jirani wa Wandsworth upande wa magharibi, chama cha Liberal Democrats kilichukua 48 na Conservative wakaachiwa kimoja kati ya 54. Wandsworth yenyewe ilionja upande wa pili wa mfumo huo 2018: Labour walipata kura nyingi kidogo kuliko Conservative katika manispaa nzima, lakini viti vikawa 33 kwa 26, kwa sababu kura za Labour zilirundikana Tooting na kwingineko ambako walikuwa tayari wameshinda. Kwa kura, ngome ilikuwa imekwishaanguka miaka minne kabla. Scotland iliacha mfumo huu katika halmashauri tangu 2007, na Ireland ya Kaskazini tangu 1973. Wote hupanga wagombea kwa namba za upendeleo, na mabaraza yao yanafanana zaidi na watu wao. England imekaa na ule wa zamani, nami naona ni kosa linaloiumiza demokrasia ya mitaa kuliko kashfa yoyote ya Waziri Mkuu.

Kama bado kuna anayeshikilia kwamba Mei 2022 ilikuwa hukumu juu ya Johnson, atazame ramani nzima ya London. Labour waliitwaa Wandsworth, Barnet, na Westminster ambayo haikuwa imewahi kuwa yao tangu manispaa hizi zianze kazi 1965. Hiyo inaipa nguvu hadithi yake. Lakini katika uchaguzi uleule Labour waliipoteza Harrow kwa Conservative. Tower Hamlets, mashariki ya London, waling'olewa na chama cha mtaani kiitwacho Aspire, chake Lutfur Rahman, ambaye mahakama ya uchaguzi ilikuwa imemvua umeya 2015 kwa vitendo haramu vya uchaguzi na kumzuia kugombea kwa miaka mitano; akarudi, akashinda umeya, na chama chake kikapata madiwani 24 kati ya 45. Na Croydon, ambako halmashauri ya Labour ilikuwa imetangaza Novemba 2020 kwamba haiwezi kusawazisha hesabu zake, baada ya mikopo mikubwa na kampuni yake yenyewe ya ujenzi kuiingiza kwenye madeni, wananchi walimchagua Jason Perry wa Conservative kuwa meya kwa tofauti ya kura 589. Faini ya Johnson ilikuwa ileile Croydon na Wandsworth. Umbali kati yao ni kilomita chache. Kilichotofautiana ni yale ambayo halmashauri hizo mbili ziliwafanyia watu wake.

Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi huko, jambo hili si la kutazama kwa mbali. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda anayeishi England kihalali ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri, bila kuwa na uraia wa Uingereza, kwa sababu nchi yake ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Mwanafunzi anayo, muuguzi mwenye kibali cha kazi anayo. Tena haki hiyo inafika mpaka kura ya bunge. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea udiwani. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo mpaka wapate uraia, kwa kuwa nchi zao haziko Jumuiya ya Madola. Wengi wenye haki hawajiandikishi, na sababu ninayoisikia mara kwa mara ni hofu kwamba kujiandikisha kutaharibu viza. Haiharibu, sheria ndiyo inayowatambua. Tangu 2023 mpiga kura anayefika kituoni lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata iliyokwisha muda, ilimradi sura bado inatambulika. Mei 2023, sharti hilo lilipoanza, Tume ya Uchaguzi ilikadiria kwamba watu wapatao 14,000 walifika vituoni wakarudi bila kupiga kura kwa kukosa kitambulisho. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Katika uchaguzi wa London ambao wanaojitokeza ni wachache kiasi cha theluthi na ushei, na diwani wa tatu hupita kwa kura za mchanganyiko, nyumba chache za Waswahili katika mtaa mmoja zina uzito kuliko zinavyodhani.

Narudi kwa Labour na walichokabidhiwa. Simon Hogg alipochukua uongozi wa halmashauri Mei 2022 hakuiacha sera ya kodi ya chini. Wakati wa kampeni chama chake kilikuwa kimeahidi kodi ileile ya chini, na kiliposhika madaraka kiliendelea kujisifu kwamba kiwango cha Wandsworth ndicho cha chini kabisa nchini. Hii ndiyo sehemu ya matokeo ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Conservative walishindwa, na sera yao kuu ikashinda, kwa sababu wapinzani wao walitambua kwamba hakuna chama kitakachodumu Wandsworth kwa kuiacha. Lakini ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri za England ilikuwa imepunguzwa kwa takriban asilimia 40 kati ya 2010 na 2020, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, huku gharama za kutunza wazee, watoto wenye ulemavu na familia zisizo na makazi zikipanda kila mwaka. Kodi ya chini kabisa na nyumba za umma mpya kwa pamoja zinahitaji fedha kutoka mahali fulani: akiba iliyorithiwa, mali ya kuuza, au waendelezaji walewale wa Nine Elms. Mkurugenzi wa fedha wa halmashauri hiyo anazo namba zilezile chama chochote kikiwa juu, na kila mwaka, madiwani walipokaa kupanga kiwango, wale 35 wa Labour walipaswa kuzijibu.